Muchezaji Aliyevaa Jina la Mudogo Wake

Yaya wangu Sadrack, ndiye kaka yangu mukubwa, alichezea inchi yetu mara mbili, na mara zote mbili kwa jina la mudogo wake.

Kwetu Butembo, mutu akisikia Kambale anajua ni mwana mwanaume wa pili. Kakule ni wa ine, ndiyo wa nne. Sadrack ni Kambale, Luc ni Kakule. Wakati watu wa Kinshasa walikuja kutafuta vijana wa chini ya miaka kumi na saba, Sadrack alikuwa na kumi na tisa. Luc alikuwa na kumi na tano. Papa alifungua kitabu cha nyimbo za kanisa, akatoa acte de naissance ya Luc, karatasi yake ya kuzaliwa, akamupa Sadrack. Luc hakuulizwa.

Kisha Sadrack akachaguliwa tena, kwa wale wa chini ya miaka makumi mbili. Kinshasa hakuna aliyeona kitu. Lakini hapa, radio ikitaja “Kakule Luc”, wamama wa soko walicheka: “Aka! Wa ine amezaliwa mbele ya wa pili!” Walicheka, lakini hawakumuuza mutoto wa mutaa wao. Wageni wakiwa kwenye uwanja, hata watoto walimupigia Sadrack kelele “Kakule! Kakule!” Luc aligeuza kichwa, kisha akaangalia chini. Niliona ile mara nyingi.

Na Luc anajua mupira. Mwaka jana, watu wa timu ya vijana walipofika Beni, kocha wetu Éliakim hakumuandika.

“Jina yako tayari iko Kinshasa,” alimuambia. “Nitaandika nani?”

Luc akaenda Mulekera kulima kakao kwa muyomba.

Mwaka huu, Luc akiwa amerudi kwetu, simu ikalia tukiwa tunakula. Timu kubwa ya inchi ilimutaka Sadrack. Atume acte wamutengenezee pasipoti. Juma lile lile Éliakim akaleta habari: Siku ya Posho, ndiyo Jumamosi, wanachagua vijana tena kule Beni. Kwa umri wa Luc, ni mara ya mwisho.

Mimi nilifikiri: kwenye timu kubwa hakuna anayeuliza miaka. Mutu wa miaka makumi tatu anacheza. Sadrack angeweza kuingia pale na jina lake. Lakini ngazi aliyopandia ni ya Luc, na akisema hivyo wataivunja naye akiwa juu.

“Funga kinywa,” Papa alimuambia Sadrack jioni ile tukikula. “Ukifika kule, utamusaidia na mudogo wako.”

Sadrack akamugeukia Luc. “Weye unasema nini?”

“Unauliza nani?” Luc akajibu. “Miye, ao ule wa Kinshasa?”

Mama akaondoa sahani ya Sadrack. Bugali ilikuwa bado nzima.

Asubui nilikuwa ninaosha sufuria, Sadrack akapigia mukubwa mumoja wa Kinshasa simu kwenye kiwanja cha nyumba, akimuita papa kwa heshima; nilisikia wote wawili.

“Papa, miye hapana Kakule Luc. Miye ni Kambale Sadrack. Niko na miaka makumi mbili na tatu.”

Yule mutu akauliza: “Umekunywa?”

“Hapana, papa.”

“Rudilia.”

Akarudilia, polepole.

“Unajua kama umejiua? Hata club haitakutaka.”

“Ninajua. Lakini mwenye jina iko hapa, na ananipita.”

Kama Luc anamupita kweli, sijui. Luc alikuwa amesimama kwenye mulango.

Papa alikaa siku mbili bila kumusalimu Sadrack. Siku ya Posho mimi, Sadrack na Luc tukapanda gari la kwenda Beni. Secrétaire, karani wa kuandika vijana, aliangalia ile acte ya Luc, akatoka kupiga simu, akarudi.

“Sasa, Kakule wa kweli ni nani?”

“Ni miye,” Luc akasema. “Ule alikuwa yaya.”

“Bakubwa batasema. Leo ucheze kwanza.”

Barua ya kumusimamisha Sadrack ilikuwa haijafika, lakini alijua itakuja. Alisimama nyuma ya mustari, mikono ndani ya mifuko. Luc alipoteza mupira wa kwanza, na wa pili. Kijana mumoja akacheka: “Urudi kwa kakao!” Wakati wa kupumuzika Luc alikuja, akakunywa maji kwenye chupa ya Sadrack.

“Ule beki wa kuume anachoka,” Sadrack akamuambia. “Umupite inje.”

“Nimemuona.”

Luc akamurudishia chupa, akaingia tena kwenye uwanja, upande wa ule beki.