Ubeti wa Mwisho wa Fundi Mikidache

Anziza Mikidache aliteremka Mutsamudu, kisiwani Nzwani, Januari 1977, miongoni mwa Wakomoro waliorudishwa kutoka Majunga baada ya mauaji ya wenzao huko Desemba. Alikuwa na miaka kumi na minne. Baba yake, ambaye huko Madagaska alikuwa fundi, yaani mwalimu wa dini, alirudi na kanzu aliyoivaa na mkoba uliojaa karatasi.

Karatasi hizo zilikuwa utenzi wa kumsifu Mtume, alioutunga mwenyewe kwa Kikomoro na kuuandika kwa herufi za Kiarabu. Aliufundisha mtaani Hombo hadi alipofariki mwaka 1991. Wanafunzi walinakili wakawapa wengine, na Fundi hakumzuia mtu. Alishikilia jambo moja tu: ubeti wa mwisho usiachwe. Ni desturi ya watunzi wa pwani yote kujitaja mwishoni ili kila asomaye awaombee. Kwa Kiswahili, wa kwake ungesomeka hivi:

Mja huyu Mikidache,
Mola wangu, usimwache,
makosa yake yafiche,
kwa fadhili na afua.

Juni 1998, karibu mwaka mmoja tangu kisiwa cha Nzwani kijitangaze kuwa nje ya Jamhuri ya Komoro, msafiri kutoka Moroni, mji mkuu wa Jamhuri, alimletea Anziza kijitabu kilichochapishwa vizuri. Kilikuwa utenzi wa baba yake. Jina la mtunzi halikuwapo popote. Jalada la nyuma liliandikwa: "Haki zote ni za mchapishaji. Ni marufuku kunakili." Na pale ulipopaswa kuwapo ubeti wa mwisho palikuwa na tangazo la ubani, udi na tasbihi.

Alipanda meli hadi Moroni, akafikia kwa shangazi yake Koultoumi kijijini Vouvouni. Kesho yake aliingia katika duka la Djounaid, mchapishaji, akiwa amejitanda shiromani nyekundu ya wanawake wa Nzwani.

"Ah, wageni kutoka nchi za nje!" Djounaid alisema. "Pasipoti unayo?"

"Nina ubeti. Ule ulioutupa."

"Ukurasa ulijaa, dada yangu."

"Ukajaa ubani?"

"Ubani ndio uliolipia wino." Djounaid alicheka, kisha akaweka uso wa msikitini. "Sikiliza. Maneno ya kumsifu Mtume hayana mwenyewe. Ni ya umma."

Anziza alikigeuza kijitabu akamwonyesha jalada la nyuma. "Na hii marufuku ni ya nini?"

"Hiyo ni kwa ajili ya wezi," alisema Djounaid.

Kila mtu ambaye Anziza alimweleza habari hii alimuuliza anadai kiasi gani. Hadai kitu. Anachotaka ni kwamba watu wakiusoma utenzi katika Maulidi, baba yake aombewe. Mimi ninayeandika haya nilimuuliza mara mbili. Mara ya pili alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyelala darasani.

Sheria iko upande wake. Saandi, karani wa serikali mjini Moroni, alimfungulia kitabu cha sheria ya zamani ya Kifaransa ambayo bado inatumika. Jina la mtunzi lisiondolewe, kazi yake isikatwe, na haki hiyo hurithiwa na watoto wake bila kikomo.

"Umeshinda, mama," alisema Saandi. "Lete tu hati kuwa wewe ni mwanawe."

Anziza aliitoa, aliyoipata Mutsamudu kabla ya kusafiri. Saandi alitazama muhuri, akairudisha akiishika kwa ncha za vidole.

"Hii ni ya waasi. Lete yenye muhuri wa Jamhuri."

Anziza alirudi Mutsamudu. Huko karani alimuuliza, "Jamhuri ipi?" Alipomwomba atafute muhuri wa zamani, karani alijibu kwamba ulichomwa, tena kwa shangwe, na yeye mwenyewe alikuwapo. Akamshauri aombe hati Majunga alikozaliwa. Anziza alimwambia kwamba Majunga ilichoma zaidi ya mihuri.

Alivuka tena. Siku chache kabla ya Maulidi, Djounaid akiwa anaandaa toleo la pili, alimpa sharti: ataurudisha ubeti, na tangazo lihamie ndani ya jalada, iwapo Anziza atasaini kwamba kitabu ni mali ya duka milele.

"Usisaini, mwanangu," alisema shangazi Koultoumi. "Mtu huyu atakuuzia hata kivuli chako."

"Akichukue kitabu. Mimi nataka mistari minne."

Alikubali kuitoa haki yote. Djounaid, mtu mwangalifu, alitaka saini hiyo ithibitishwe na serikali. Wakaenda pamoja kwa Saandi. Saandi akaomba kitambulisho. Kilikuwa kimetolewa Mutsamudu Februari mwaka huohuo, kwa muhuri uleule wa waasi.

"Siwezi kuthibitisha kwamba wewe ni wewe," alisema.

"Nampa vyote!" Anziza alisema. "Hata kunyang'anywa kunahitaji muhuri?"

Saandi alikiri kwamba kunahitaji. Djounaid alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, akaenda kuchapisha toleo la pili kama la kwanza.

Alasiri hiyo, kule Vouvouni, Anziza aliomba kalamu. Alianza na kijitabu cha shangazi yake: akapiga mstari juu ya tangazo, akaandika ubeti chini yake. Jirani aliona akaleta chake, kisha akaja na wenzake. Kikundi cha wanawake kilileta vyote kilivyokuwa navyo. Usiku wa Maulidi jina la Mikidache lilisomwa uani kwa Koultoumi, na wanawake wakaitikia amina.

Habari ilifika dukani kwa sababu wateja wa Vouvouni walianza kurudisha vijitabu wakidai vimepungukiwa ubeti. Djounaid alipeleka malalamiko: mwanamke wa Mutsamudu ameongeza maneno katika kitabu cha watu bila idhini ya mwenye haki. Samansi ilimkuta Anziza akifua. Safari hii hakuna aliyesita kuhusu yeye ni nani. Jina lake liliandikwa sawasawa, pamoja na la baba yake.

Shauri litasikilizwa Moroni Jumanne ijayo. Anziza hana wakili.