Amplifaya Nyuma ya Pazia

Kwetu mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake. Basi mama yangu alipokuja kututembelea Nakuru, kwenye chumba chetu kimoja cha wafanyakazi wa reli, mume wangu alijificha nyuma ya pazia la kitanda pamoja na gramafoni yake na amplifaya, mashine ya kukuza sauti. Mimi nikabaki upande wa mbele na mama na spika.

Mama alikuwa karibu kiziwi, na alikuja kwa jambo moja tu. Kaka yangu, aliyefariki mwaka uliotangulia, aliwahi kuimba kwenye santuri, na mama hakuwahi kuisikia. Jioni ile ile garimoshi lilikuwa linamrudisha nyumbani.

Amplifaya ilitoka kwenye ukumbi wa mikutano, ambako ilisukuma spika kubwa za uwanjani zenye umbo la tarumbeta. Spika ilikuwa ya redio yetu, upana wa kisahani cha chai. Nilimwambia mume wangu mapema kwamba haviwezani. Akanicheka.

"Injini kubwa ikivuta behewa moja dogo, itaumia nini?"

Mtu wa reli, kila kitu kwake ni injini. Behewa lenyewe hakuliwazia hata kidogo.

Santuri ikaanza. Nililisikia gitaa vizuri kabisa. Mama alikuwa ameinama, kiganja juu ya spika.

"Ongeza," akasema.

Mume wangu akaongeza. Spika ikaanza kukoroma, karatasi yake ikitetemeka.

"Usiongeze tena!" nikapiga kelele. "Itapasuka!"

"Lakini mama amesema niongeze," akajibu kutoka nyuma ya pazia.

Kutoka pale hakuiona spika, na kujitokeza asingethubutu. Tena mkwe gani humkatalia mama mkwe? Nilitamani kulirarua lile pazia. Adabu yao wote wawili inanikasirisha mpaka leo.

"Ongeza, baba," mama akasema tena, kwa upole.

Gitaa lilikuwa linamalizia utangulizi. Kaka alibakiza kufungua mdomo tu. Mume wangu akazungusha kitufe, spika ikapiga mlio mmoja mkali, karatasi ikachanika katikati, na chumba kikanyamaza.

Mama hakuondoa kiganja chake. Aliniangalia usoni kwa subira, akitabasamu kidogo.

"Mbona haanzi?" akaniuliza.