Maneno Yenye Maungio

Baba yangu ni mfugaji. Tulihamia kijiji cha Idete na ng'ombe wetu nikiwa bado nabebwa mgongoni, lakini nilipoanza sekondari mjini Ifakara bado nilionekana mgeni. Watoto wa wafugaji hawamalizi Kidato cha Kwanza, walisema wenzangu darasani. Maneno hayo yaliniudhi. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba nilikuwa naelekea kuyatimiza.

Karibu masomo yote yaligeuka kuwa ya Kiingereza. Kila nilipokutana na neno refu nililivamia lote kwa mkupuo, nikakwama, darasa likacheka. Habari zikamfikia baba. Akasema atakuja siku ya wazazi, ambapo kila mwanafunzi husoma aya moja mbele ya watu. Akinikuta bado nababaika, tunarudi wote nyumbani, shule basi.

Aya yangu ilikuwa ya baiolojia, na katikati yake lilikaa neno microorganisms, vile vijidudu visivyoonekana kwa macho. Kwanza nililikata herufi tatu tatu, nikabaki na vipande visivyo na maana. Ndipo nikakumbuka baba anavyochinja ng'ombe na kumkata vipande, maana mimi ndiye niliyekuwa nashika mguu. Baba hatumii shoka. Anapapasa mpaka apate maungio, kisu kinapita chenyewe.

Nikalipapasa lile neno. Micro nilishaiona kwenye microscope ya maabara. Organ ilikuwa kwenye sura tuliyomaliza kusoma. Kilichobaki kilikuwa mkia tu. Nikatamka kila kipande peke yake, mai, kro, o, ga, mpaka mkia, kisha nikaviunga, na neno likatoka zima. Tangu siku hiyo nikawa mwonevu wa maneno: classification, photosynthesis, hakuna lililonitisha. Nilijisikia sana, sifichi.

Siku ya wazazi baba alikaa mstari wa mbele, fimbo magotini. Nikasoma. Nilipolikaribia lile neno niliwaona wenzangu wakijiandaa kucheka. Nikalitamka lote bila kuyumba, nikaendelea mpaka nukta ya mwisho. Hakuna aliyecheka.

Mwalimu alikuwa anamwita mwingine baba aliposimama. Kiingereza hajui hata salamu.

"Samahani mwalimu," akasema, "naomba binti arudie. Hawa wa nyuma hawakusikia vizuri."

Walikuwa wamesikia vizuri sana. Nikarudia, polepole kuliko mwanzo, ili kila aliyekuwa mle ndani ajue mimi ni mtoto wa nani.