Jiko Lililorefuka Dukani

Katika jiko la hospitali wapishi wenzake walimwita Kreti, naye aliitika bila kinyongo. Jina lilitokana na kreti la soda alilosimama juu yake kila asubuhi ili aone ndani ya masufuria. Majiko ya pale yalitengenezwa kwa kimo cha mtu mrefu, na yeye Mungu alimkata mapema, kama alivyopenda kusema mwenyewe kabla wengine hawajamsemea. Akitaka kutoka kwenye maharage kwenda kwenye uji, alishuka, akalisukuma kreti kwa mguu, akapanda, akakoroga, akashuka, akasukuma tena. Kazi ya upishi kwake ilikuwa nusu kupika, nusu kukwea. Goti la kulia lilishaanza kulalamika.

Hakuwa mtu wa kupika kwa kubahatisha. Vitunguu, alisema, vinapiga kelele vikikaribia kuungua, lakini rangi haipigi kelele, lazima uione. Mpishi asiyeona chini ya sufuria anapika kwa uvumi.

Kwa hiyo nyumba yao ilipofika hatua ya kuezekwa, alikuwa na sharti moja. Mengine yote alimwachia mumewe. Mumewe alikuwa mwashi, na mtaa mzima, mkewe akiwemo, ulimwita Fundi. Fundi aliamua ramani, akaamua madirisha, akaamua hadi upande mlango wa choo utakapofungukia. Jiko la kupikia halikuwa lake. Hilo mkewe angelichagua mwenyewe, kwa akiba yake mwenyewe: jiko kubwa la gesi, la pleti sita, lenye oveni, la aina ile ambayo watu huishia kuiona kwenye picha za nyumba za wenzao.

"Na nitasimama chini," alimwambia Fundi. "Kwenye sakafu, kama binadamu."

"Nani kakukataza?"

"Nakuambia mapema. Kreti litabaki hospitali. Sitapanda kitu ndani ya nyumba yangu."

"Sawa, mama watoto. Hata kitanda?"

"Fundi, niache!"

Usiku wa kuamkia siku ya kwenda dukani hakulala vizuri, na kulipokucha alikuwa amekwisha oga na kuisugua sufuria yake kubwa mpaka inang'aa. Wifi yake, dada wa Fundi, alifika kumsindikiza. Wifi alikuwa msusi, mrefu kama kaka yake, mwenye shingo ya kuchungulia juu ya ukuta wa jirani bila kunyanyua kisigino. Alimkagua mke wa kaka yake kuanzia kilemba hadi miguuni, akaishia kwenye kandambili.

"Unakwenda wapi na hizo?"

"Kununua jiko."

"Kwenye duka lile? Wifi, wakikuona na kandambili watakuambia choo cha wafanyakazi kiko nyuma. Vaa vile vya boksini."

Vya boksini vilikuwa viatu vya mchuchumio, vyeusi, alivyonunua kwa ajili ya harusi moja na kuviweka tangu hapo. Alivivaa. Kichwa chake kikafika kwenye bega la wifi, mahali ambapo hakikuwahi kufika.

"Sasa umekuwa mtu," wifi alisema. "Na hilo sufuria unalipeleka wapi?"

"Hili ndilo litakalochagua."

Mlinzi wa mlangoni aliifunua sufuria, akatazama ndani, hakuona kitu, akawaruhusu kupita huku bado ana shaka. Ndani kulikuwa na baridi ya kiyoyozi, na sakafu iliyong'aa kiasi cha kuona pindo la gauni lako. Majiko yalipangwa kwa safu kama magari mapya. Mke wa Fundi alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akamshika wifi mkono.

"Wifi, nisipotoka humu waambie watoto nilikufa kwa furaha."

"Tembea bwana, unaziba njia."

Muuzaji, mwanamume wa makamo mwenye tai fupi, aliwaanzia kwenye jiko la kioo lisilo na swichi hata moja. Ukiligusa, linawaka. Ukiligusa tena, linazima. Mke wa Fundi aliligusa, likalia kama simu inayoisha chaji.

"Moto wake uko wapi?"

"Hauonekani, mama. Ni wa ndani kwa ndani."

"Nitajuaje kama ni mkali?"

"Kuna namba hapa."

"Namba naziona kazini kwenye vitanda vya wagonjwa," alisema, akapita.

La pili lilikuwa zuri, ila pleti zake zilikuwa ndogo na zimebanana. Aliweka sufuria juu ya moja, ikafunika tatu. La tatu lilikuwa na oveni ambayo mlango wake ulifungwa kwa kishindo, na wifi akasema mlango kama huo utamwamsha hadi baba mkwe aliyelala chumba cha uani. Muuzaji alicheka kwa adabu. Alishaona kwamba wateja hawa hawakuja kupoteza muda, maana yule mfupi alikuwa akiinama kuchungulia chini ya kila jiko, akizungusha kila swichi, akibonyeza kila chuma cha kuwekea sufuria kuona kama kinacheza.

Ndipo wakafika kwenye la samawati.

Lilisimama peke yake mwisho wa safu. Rangi yake ilikuwa ya samawati iliyokolea, na kingo na vishikio vyake vilikuwa vya shaba. Pleti sita zilikaa mbalimbali, kila moja na eneo lake, na ile ya katikati ilikuwa na duara mbili za moto, ndogo ndani ya kubwa. Vyuma vyake vilikuwa vizito hivi kwamba alipojaribu kunyanyua kimoja alilazimika kutumia mikono miwili. Mlango wa oveni ulishuka taratibu na kusimama wenyewe ulipoachwa, kama mtu anayekusikiliza.

Aliweka sufuria, akaomba maji, na kwa kuwa jiko lile liliunganishwa na mtungi kwa ajili ya maonyesho, muuzaji akaliwasha. Moto ulizunguka sawasawa pande zote. Alisogea karibu, akatazama ndani, na chini ya sufuria kulikuwa wazi mbele yake, kote, kuanzia ukingo hadi ukingo. Aliona kiputo cha kwanza kikijitenga na chuma. Hakunyanyua kisigino, hakunyoosha shingo.

"Wifi," alisema kwa sauti ndogo. "Naona chini."

"Unaona?"

"Naona chini! Nimesimama sakafuni na naona chini!" Sasa sauti haikuwa ndogo tena. Mlinzi aligeuka. "Baba, hili. Zima, andika, hili hapa, mtu mwingine asiliguse."

Alilipa. Wakati risiti inachapwa, vidole vya miguu vilimkumbusha kwamba viatu vile havikushonwa kwa ajili ya kutembea, akavivua na kuvishika mkononi. Kisha, akiwa peku kwenye sakafu ya baridi, akarudi kuliaga jiko lake mara moja na kuchukua sufuria.

Jiko lilikuwa limerefuka.

Alitazama ndani ya sufuria, akaona ukingo na ukuta wa ndani. Maji hakuyaona. Alirudi nyuma hatua moja, akasogea tena.

"Wifi! Hawa watu wamelibadilisha. Silo hili."

Wifi alikuja mbio, tayari kwa ugomvi. Alilitazama jiko, akamtazama muuzaji kwa jicho kali, halafu akamtazama mke wa kaka yake kuanzia juu kushuka, taratibu, mpaka miguuni. Akaona vidole vitupu. Akaona viatu mkononi. Alishika jiko la pembeni ili asianguke, akacheka mpaka kilemba kikalegea.

"Wifi yangu jamani! Jiko halijarefuka. Wewe ndiye umeshuka!"

Mwenzake hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha wateja, viatu mapajani. Alikuwa amebeba sufuria yake mjini kote ili asikosee, akakosea kwa miguu yake mwenyewe. Muuzaji, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisema wanaweza kumbadilishia hapohapo, akawaonyesha jiko jingine fupi, jeupe, la pleti nne, lenye sura ya kabati la dawa. Alilitazama. Lilikuwa kimo chake hasa.

"Zuri," alisema, kwa sauti ya mtu anayepewa pole.

Wifi alishapiga simu. Fundi alipokea huku nyuma yake kukisikika beleshi likikwaruza mchanga.

"Alilijaribu akiwa amevaa nini?" Fundi aliuliza.

"Viatu vya boksini."

Beleshi likanyamaza. Kisha Fundi na wasaidizi wake wote wakasikika wakicheka kwa pamoja. Mkewe aliinyakua simu.

"Cheka, cheka! Nirudishe jiko langu nichukue hili kabati?"

"Usirudishe kitu. Muulize huyo bwana miguu ya jiko ikoje."

Muuzaji alipiga magoti, akasema miguu ni ya skrubu, inaweza kuzungushwa mpaka ikaisha, na mlango wa oveni unaanzia juu kidogo, chini yake kuna bati tu la kuziba. Fundi alisikiliza.

"Njoo saiti," alisema. "Na viatu uje navyo."

Jikoni kwenye nyumba mpya kulikuwa bado zege tupu, lakini kaunta ilishajengwa kushoto na kulia, na kati yake pengo la jiko. Fundi alimkabidhi mkewe kisu, akamwambia asimame peku kwenye kaunta, ajifanye anakata kitunguu. Akajifanya. Viwiko vyake vilipanda pembeni kama mabawa ya kuku anayetaka kuruka.

Fundi alivitazama viwiko hivyo. Kaunta zote alizojenga maishani alizipima kwa kitovu chake mwenyewe, na wateja hawakulalamika, au walilalamikia jikoni yeye akiwa ameshaondoka. Hii ya mkewe aliijenga vivyo hivyo.

"Mbona hukusema?" aliuliza.

"Nilidhani kaunta zote ziko hivi."

Wifi alikuwa amekwisha okota nyundo. "Tuvunje?"

"Weka chini hiyo. Hatuvunji kitu." Fundi alipiga zege kwa kisigino cha buti. "Hii sakafu haijamalizika. Jiko litakaa hapohapo kwenye zege, miguu tunaizungusha mpaka iishe. Kaunta zibaki zilipo. Jikoni kote kwingine tunapandisha sakafu."

"Fundi, hilo si kreti la saruji?"

"Kreti linaishia pale unapokanyaga hewa. Hii inaishia ukutani. Utatembea utakako."

Mkewe alitembea kuanzia kaunta hadi dirishani, na kutoka dirishani hadi pengo la jiko, akijaribu kuona kichwani mwake sakafu isiyo na ukingo wa kuchungulia kwa mguu.

"Na mlangoni?"

"Kingazi kimoja. Seremala atakata mlango kwa chini, atanuna, atazoea."

"Unapandisha kiasi gani?"

Fundi alinyoosha mkono. Mkewe akampa kiatu kimoja. Alikisimamisha kwenye zege, akaweka penseli usawa wa mahali kisigino cha mtu hukaa, akaishusha kwa unene wa kigae, akachora mstari ukutani, na kwa pima maji akauzungusha mstari ule chumba kizima. Kwa siku zote za kumwaga saruji, kiatu cha harusi kilikaa juu ya kaunta kama kipimo, na kila msaidizi aliyetaka kujua amefika wapi alikichukua na kukisimamisha pembeni ya kazi yake. Mwenye kiatu aliwapigia kelele siku ya kwanza tu. Baadaye akawa anakuja jioni, anakisimamisha mwenyewe.

Jiko lilipoletwa, wabebaji walilishusha kwenye pengo lake, likakaa sawasawa na kaunta, shaba yake ikipata mwanga wa dirishani. Mwenye jiko alimkabidhi wifi kisu na rundo la vitunguu, yeye akawasha pleti ya katikati. Alikuwa peku, vigae baridi chini ya nyayo. Alikaanga kwenye moja, akachemsha kwenye nyingine, akahama kutoka kushoto kwenda kulia na kurudi, bila sababu yoyote, kwa raha tu ya kuhama.

"Wifi, mgongo wangu!" Mwenye kisu alikuwa amejikunja juu ya kaunta kama bawaba. "Hili jiko mmejengea watoto?"

"Pole, mrefu. Au vua viatu."

"Nimeshavua!"

"Basi kata miguu." Akageukia mlango. "Fundi! Njoo uone!"

Fundi alijikwaa kwenye kingazi chake mwenyewe, akajishika kwenye fremu, akafika. Mkewe alimvuta mkono mpaka kwenye sufuria.

"Unaona nini?"

"Vitunguu," alisema Fundi. "Vimeanza kuwa vya kahawia."

"Pembeni tu. Katikati bado," alisema mkewe, akapunguza moto. "Hata mimi naviona."