Benchi la Zahanati

Tabita mke wa Jairo alikuwa mtu wa kumaliza kazi. Katika milima ya Ileje, miaka ile ya utawala wa Waingereza, alijulikana kwa hilo. Akiingia shamba la ulezi hatoki mpaka limekwisha, na ugomvi wa wanawake mtoni aliuamua kabla mitungi haijajaa. Ndiyo maana zahanati ilimchosha roho.

Ilikuwa na chumba kimoja, mlango mmoja, na kibaraza cha mbele chenye benchi. Wenyeji walifyatua matofali. Serikali ikaleta mabati, dawa, na mganga kijana aitwaye Watson. Tangu ilipofunguliwa, wazee walilipenda benchi kuliko dawa. Walifika asubuhi wakiwa wazima kabisa, wakakaa hapo kuijadili serikali.

"Inachukua kodi yangu tangu sijaota ndevu," Jairo alizoea kusema. "Sasa ilete mkunga, iongeze na chumba. Ni kazi yake."

"Na ukipiga chafya, Bwana Shauri atoke bomani aje akufute kamasi?" alijibu Nikodemo, mzee wa kanisa. "Misheni walitutibu miaka yote bila serikali. Tujenge wenyewe."

"Wewe mzee, tofali lako hata moja silioni hapa. Ulifyatua kwa mdomo."

Wazee walicheka, na mjadala ukaanza upya. Tabita, akipita na kuni, aliona kila mmoja ana sehemu ya ukweli, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Ukweli wa watu wawili, na hakuna hata tofali lililoongezeka.

Kisha mjukuu wake akashikwa na kifua. Baba wa mtoto, Osward, alikuwa kwenye machimbo ya shaba ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo mzigo ulikuwa wa wanawake wawili. Tabita alimwambia mkamwana wake, Ikupa, ampeleke mtoto zahanati. Yeye akaenda kuuwahi ulezi kabla ndege hawajaumaliza. Jioni alimkuta mtoto anakoroma.

"Amepewa dawa gani?"

Ikupa alitazama chini. "Nilisubiri, mama."

"Ulisubiri nini?"

"Baba alikuwa pale, kwenye benchi."

Tabita alimpokea mtoto. Mila yao aliijua, na yeye mwenyewe aliishika alipokuwa bibi arusi: mkamwana na baba mkwe wake hawaonani. Wakikutana njiani, mwanamke huingia porini mpaka mwanamume apite. Na Jairo hakuwa anapita. Alikuwa amekaa.

Kesho yake alimwamsha Ikupa alfajiri ili awatangulie wazee, naye akabaki kumalizia kazi za nyumbani. Jua lilipopanda alimfuata. Alimkuta amechutama kando ya binti mwingine kwenye migomba nyuma ya zahanati, mtoto kifuani, mbavu zikizama kila anapovuta pumzi. Watson alikuwa amechelewa kufungua, wazee hawakuchelewa.

Tabita alizunguka mbele. Jairo alikuwa amenyoosha kidole.

"Wanawake wetu hawaji kutibiwa. Kwa nini? Serikali imejenga chumba kimoja, haikuuliza mila za watu!"

"Baba Osward," Tabita alisema, "ondoka hapo."

Wazee wote waligeuka. Mke hamsemeshi mumewe hivyo mbele za watu.

"Mama Osward, tunazungumza mambo ya serikali."

"Serikali imekosea mlango, nakubali. Lakini kwenye mlango huo umekaa wewe. Mjukuu wako yuko kwenye migomba, anashindwa kupumua, na mama yake hawezi kuingia kwa ajili yako."

Jairo aliinuka. Alichukua fimbo yake akashuka kwa njia ya bondeni bila kugeuka nyuma.

"Nenda, Mzee Jairo," Nikodemo alimcheka. "Sisi tutakulindia nafasi."

"Na wewe, shemeji," Tabita alimwambia, "binti niliyemkuta amejificha pamoja na Ikupa ni mke wa mwanao."

Nikodemo aliondoka. Wengine, wenye wakamwana wao, hawakungoja kutajwa.

Watson alimchoma mtoto sindano, akaagiza arudishwe kila asubuhi. Basi kabla hakujakucha, Tabita na Ikupa walilibeba benchi mpaka njia panda ya mnadani, mbali na zahanati. Siku zilipopita pumzi za mtoto zilitulia, akashika ziwa.

Jairo hakumsemesha mkewe mpaka mwisho wa juma. Kisha akarudi kutoka njia panda, walikohamia wazee, amekasirika.

"Benchi lile ni mali ya serikali. Serikali ndiyo ilirudishe."

"Na Nikodemo anasemaje?"

"Eti mbao ni zetu, turudishe wenyewe."

"Na limerudi?"

"Bado tunazungumza."

Tabita alimpa uji. "Zungumzeni," alisema. "Msiharakishe."