Betri Aliyoifunga Maren

Kaka yangu Arvid Koskela alifundisha fizikia miaka thelathini na moja katika sekondari ya mji wetu wa machimbo, kaskazini mwa Minnesota. Kila majira ya baridi alibaki na wanafunzi wake baada ya masomo, wakiunda roboti ya mashindano. Sheria yake ilikuwa moja: roboti ni ya watoto, mwalimu haigusi. Akiingia karakana, mikono mfukoni.

"Mwalimu, toa mikono basi utusaidie!" walimtania.

"Kuna baridi," alijibu.

Machi ile ya mwisho saratani ilikuwa imekwisha kummaliza. Nilimpeleka mimi kwa gari hadi mji wa Duluth kwenye mashindano, njia nzima nikimwomba Mungu ampe jambo moja tu: timu yake ifuzu kwenda mashindano ya jimbo, ambako haikuwahi kufika. Hadi jioni ilibaki mechi moja; wakiishinda, wanafuzu.

Kabla ya mechi hiyo, Maren, msichana wa miaka kumi na sita aliyekuwa fundi wao wa umeme, alichukua betri kwenye rafu akaifunga kwenye roboti. Arvid akaninong'oneza, "Hiyo imetoka kutumika sasa hivi. Haijachajiwa."

"Mwambie!"

"Ana kipima umeme kiunoni, dada."

"Arvid, wewe huna mwaka mwingine."

"Yeye anao."

Nilifungua kinywa nimwite. Arvid akanishika mkono. Nilinyamaza, lakini kwa hasira, Mungu anisamehe.

Roboti ilikimbia vizuri dakika moja, ikalegea, ikasimama katikati ya uwanja. Tukashindwa.

Maren alirudi na roboti. Alichomoa betri, akaipima, akaketi sakafuni akalia. "Ni mimi, Mwalimu. Sikuipima. Nimekuharibia."

Arvid alijishusha polepole hadi akaketi kando yake. "Nani kakwambia ni betri?"

"Hakuna. Nimeona mwenyewe."

"Basi hujaniharibia kitu." Akampa leso yake. "Ila tafuta watu wanne. Mimi kuinuka hapa siwezi."

Walikuja sita.

Tulimzika Juni. Ombi langu la barabarani halikujibiwa nilivyotaka, wala silidai tena. Siku ile ya Duluth nilimwona kaka yangu akinyanyuliwa na watoto wake, mwepesi kama mto wa kitanda, na Maren, kamasi zikimtoka, akimfokea: "Acha kutuchekesha, Mwalimu, tutakuangusha!"