Maji Juu ya Mafiga

Wajukuu wangu hunicheka. Wao wanataka filamu yenye bunduki, magari yanayoruka na wanawake wanaolia bila rangi ya mdomo kuharibika. Mimi nipeni watu wawili, chungu kimoja na safari: mume anataka kuvuka mpaka, mke hataki, na hakuna anayelisema. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Hapo sisinzii hata kidogo.

Ugonjwa huo niliupata Masisi, kwetu milimani, miaka michache baada ya uhuru, katika darasa la misioni lililoezekwa kwa nyasi. Wakati huo mume wangu alikuwa amekwisha kupata nafasi kwenye lori la Jumanne. Alikuwa anakwenda Uganda kutafuta kazi kwenye mashamba ya miwa, mwaka mmoja tu, alisema. Wanaume wa kilima chetu wote walisema mwaka mmoja tu, na wake zao walikuwa bado wanapalilia maharage peke yao. Nilikuwa na mtoto mgongoni na sikutaka aende. Lakini nilikuwa na kiburi cha ujana: kumwomba mwanaume abaki, heri nile majivu. Nilimfulia mashati, nikayakunja vizuri, nikanuna.

Jumapili, baada ya misa, mwalimu mmoja aliyetoka Bukavu akatuita tutazame teatre yake, yaani mchezo wa kuigiza. Tulitegemea wafalme na mashetani. Tukakuta meza, sanduku la bati, na mafiga matatu yenye moto na chungu cha maharage. Mwalimu mwenyewe alikuwa mume, na mke wake wa ndoa ndiye alikuwa mke. Walivaa nguo zao zile zile za kila siku. Mume anafunga sanduku, mke anakoroga chungu.

"Chumvi iko?" mume anauliza.

"Iko."

Basi, kimya tena. Jirani yangu akanung'unika kwamba hayo anayaona kwake kila jioni, bila kuketi kwenye dawati gumu.

Mimi sikumsikiliza. Nyumba ile ilikuwa yangu. Sanduku lilikuwa letu na kimya kilikuwa chetu. Niligeuka kumtafuta mume wangu upande wa wanaume, nikamwona ameinamia kofia yake, anaizungusha mikononi.

Mwishoni mume akabeba sanduku, akatoka mlangoni. Mke akaepua chungu, akachukua kibuyu, akamwaga maji juu ya moto.

Darasa zima likapiga kelele. Mwalimu, mgeni wa milima yetu, alikuwa ameogopa tu nyasi za paa zisishike moto. Hakujua kwamba kwetu moto wa mtu aliye safarini hauzimwi kwa maji. Unafunikwa majivu jioni, unafukuliwa asubuhi, mpaka arudi. Ukizimika wenyewe, unaomba kaa kwa jirani. Maji humwagwa katika nyumba ambayo mwenyewe amekufa.

Aliyesimama kwanza ni mama mkwe wangu. Mama huyo hakuwahi kusifu hata punje moja ya maharage yangu, na juu ya safari ya mwanawe alikuwa hajafungua mdomo. Nilidhani anaitaka. Akapita katikati ya madawati, fimbo mkononi.

"Weye mama, unafanya nini?" alimfokea mke wa mwalimu. "Kama bwana yako iko naenda, ni yeye ndio iko naenda. Moto haina kosa!"

"Mama, ni teatre tu," mwalimu akasema pale mlangoni, sanduku bado mkononi.

"Nyamaza! Weye ulishaenda!"

Watu walicheka mpaka madawati yakalia. Yeye hakucheka. Alitoka nje, akaenda jikoni kwa mpishi wa misioni, akarudi na kaa jekundu kwenye kigae. Akapiga magoti, yeye na magoti yake mabovu, akaondoa kuni zilizolowa, akaanza kupuliza. Machozi yakamtiririka. Alisema ni moshi, na moshi wenyewe ulikuwa haujatoka bado. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikaenda kupiga magoti kando yake, mtoto mgongoni, tukapuliza pamoja mpaka kuni zikashika. Nami nikalia mbele ya parokia nzima, wala sikujali nani anatazama.

Njiani kurudi nilimwambia mume wangu, "Sitaki uende." Hatimaye nilikuwa nimelisema. Yeye hakujibu, siku hiyo wala Jumatatu.

Jumanne niliamka nikakuta nafasi yake kitandani imepoa. Nilitoka mbio, hata sikuthubutu kutazama kama sanduku lipo. Nikamwona chini kwenye shamba la maharage, analima. Nikakaa kwenye umande nikacheka kama mwehu. Lile lori lake, lililotoka Ngungu, likapiga honi barabarani, likangoja kidogo, likapiga tena. Hakuinua kichwa. Likaondoka, nasi tukalisikia mpaka likapotea nyuma ya kilima.

"Moto iko ku nyumba?" akauliza.

"Iko."

"Basi, lete mbegu."